Kwa nini filta za antena ya simu bado ziko nje ya chipu ya silikoni?

#1 KoiliYaShaba
Wakuu, salaam.

Nafungua simu kila siku mezani kwangu Mwanza na kuna jambo limenikaa kichwani miaka mingi. Bodi zinazidi kuwa tupu. Kazi iliyokuwa ya chipu tano leo inafanywa na chipu moja. Prosesa, sauti, Bluetooth, redio, vyote vimemezwa. Lakini sogea karibu na antena: pale bado utakuta vidude vya filta, vingine havifiki hata milimita mbili, na kila toleo jipya linakuja navyo vingi zaidi. Simu moja ya siku hizi inabeba makumi.

Filta kwenye kitabu ni koili na kapasita tu. Koili unaweza kuichora ndani ya chipu kwa waya wa tabaka la juu, mzunguko ndani ya mzunguko kama ukili wa kawa. Kapasita ni mabamba mawili. Vyote silikoni inavyo. Sasa imeshindwa nini?

Msimamo wangu: ni biashara. Wenye viwanda vya filta hawataki soko lao life. Nikosoeni.

#2 Nyuki_wa_Njombe
Nimekaa mstari wa mbele, wajuzi waje.

#3 MwalimuWaMawimbi
Mkuu KoiliYaShaba, biashara ipo, ila anza na hesabu.

Kila koili ina namba inayoitwa Q. Ni nishati inayotunzwa ukilinganisha na ile inayopotea kuwa joto kila wimbi linapozunguka. Koili ya ndani ya chipu ya kawaida, kwenye gigahezi 1 au 2, Q yake ni kati ya 5 na 15. Chukua upande wa kupokea wa GSM 900, yaani mtandao wa 2G, megahezi 935 hadi 960. Upana ni 25, katikati ni 947.5, yaani upana wa asilimia 2.6 tu. Tengeneza filta ndogo kabisa ya hatua mbili. Upotevu wake kwa desibeli ni 4.34 mara 2.83, kisha gawanya kwa 0.0264 mara Q. Weka Q ya 10, unapata desibeli 46. Signali uliyoipokea kwa taabu kutoka mnarani inabaki sehemu moja katika 40,000. Weka Q ya 1,000, unapoteza nusu desibeli.

Filta za SAW na FBAR unazoziona mezani, zinazochuja kwa mtetemo wa sauti badala ya koili, zina Q za namna hiyo. Koili ya chipu haina. Basi.

#4 MhandisiMtwapa
Mwalimu, heshima yako, ila fomula hiyo ni ya upotevu mdogo. Ukifika desibeli 46 umeshatoka nje ya mipaka yake. Sema hivi: filta yenye upana wa 25 kwenye 947.5 inahitaji Q ya karibu 38 kwa ujumla wake. Koili yenye Q ya 10 haiwezi kuzaa filta ya Q 38 hata ukiipangaje. Haitakuwa filta yenye upotevu mkubwa, itakuwa mlima mpana usiochuja chochote.

#5 MwalimuWaMawimbi
Nakubali, umeiweka sawa kuliko mimi. Ahsante.

#6 KoiliYaShaba
Haya, nimeelewa Q. Lakini hamjajibu, mmelisogeza swali mbele. Kwa nini Q ya koili ya chipu ni 10? Koili ndogo za waya za kulehemu kwenye bodi zinafika 50 na zaidi. Shaba ni shaba.

#7 BintiWaTanga
Sababu ni silikoni yenyewe, kaka. Siyo kihami na siyo waya, iko katikati, na hapo ndipo ubaya wake. Silikoni ya CMOS, ile ya chipu za kawaida, ina ukinzani wa omu-sentimita 10 hivi. Koili iko mikroni chache tu juu yake. Uga wa umeme unapenya chini, uga wa sumaku nao unaamsha mikondo inayozunguka ndani ya silikoni, na yote hiyo ni nishati inayogeuka joto.

Historia yake inavutia. Miaka mingi wengi waliona koili ndani ya chipu ya silikoni haina maana. Mwaka 1990 Nguyen na Meyer wa Berkeley wakaonyesha kwamba inawezekana, na wakatengeneza nayo filta za LC, yaani za koili na kapasita. Mwaka 1993 Chang, Abidi na Gaitan wakachimba silikoni chini ya koili hadi ikabaki inaning'inia hewani. Mwaka 1998 Yue na Wong wa Stanford wakaweka bamba la ardhi chini ya koili, yaani bamba la metali lililofungwa kwenye volti sifuri, nalo limechanwa mistari. Watu wasingehangaika kuchimba mashimo kama silikoni haikuwa mwizi.

#8 MhandisiMtwapa
Dada BintiWaTanga, mwizi ni zaidi ya mmoja, na kwenye masafa ya simu silikoni siye mkubwa.

Koili ya nanohenri 5. Ukiinyoosha, waya wake ni kama milimita 3. Upana mikroni 10, unene mikroni 3, alumini. Ukinzani wake kwa umeme wa kawaida tu unafika omu 2.6. Kwenye gigahezi 1 koili hiyo ina omu 31 za kiitikio, yaani upinzani wake kwa wimbi usiogeuka joto. Gawanya: Q haiwezi kuzidi 12 hata ukiifuta silikoni yote duniani! Hapo sijaweka tabia ya mkondo kukimbilia ngozi ya waya, maana kwenye gigahezi 1 alumini inatumia mikroni 2.6 za juu tu. Kwenye gigahezi 5 kwenda juu, nakubali, silikoni inaanza kula kuliko waya.

Na hilo bamba la mistari linazuia uga wa umeme. Sumaku inapita kama kawaida. Mistari imechanwa ili bamba lenyewe lisigeuke mzunguko wa kumeza nishati.

#9 BintiWaTanga
Nimeelewa hoja ya waya. Lakini wanaotumia silikoni yenye ukinzani mkubwa, zaidi ya omu-sentimita 1,000, wanapata koili bora kwa waya uleule. Kwa hiyo usiiachie silikoni iende huru.

#10 Mwanafunzi_Juja
Naomba nitoe yaliyonikuta. Mradi wangu wa uzamili ulikuwa filta ya gigahezi 2.4 ndani ya chipu. Nanohenri 2, pikofaradi 2.2. Kwenye uigaji wa kompyuta na koili kamilifu ilikuwa nzuri mno, mlima mwembamba kama sindano, nikaonyesha kila mtu. Nilipoweka koili halisi ya kiwanda, sindano ikawa kilima. Nilipochora umbo lake na kulipitisha kwenye uigaji wa sumaku-umeme, hata kilima kikahama, kikapanda juu karibu megahezi 300.

Wiki tatu natafuta. Kumbe nilizungushia koili pete ya ardhi ili kuikinga na kelele za jirani, na pete nilikuwa nimeifunga duara kamili. Mkondo ukazunguka humo, ukapinga sumaku ya koili, nanohenri zikashuka na Q ikashuka pamoja nazo. Nikaikata sehemu moja tu, mikroni chache, ikarudi. Msimamizi wangu alipita juu ya mchoro ule mara mbili bila kuiona, na mimi nilikuwa nimeunakili kutoka mchoro wa zamani wa maabara.

#11 Nyuki_wa_Njombe
Pete ya ndoa isiyofungwa 😂 Hongera kwa kuipata.

#12 FundiRedio_Kariakoo
Mimi si wa hesabu, niongeze la mezani.

Zamani kidogo aliniletea mtu simu iliyodondoka. Haishiki mtandao. Nikafuata njia ya antena, nikakuta filta ya kupokea imepasuka. Sikuwa na ya kubadilisha, nikapiga jampa, waya mwembamba kutoka kuingia hadi kutoka. Mtandao ukarudi, baa zote. Mteja akaondoka kwao Mkuranga akafurahi. Baada ya wiki karudi: kijijini inapiga vizuri, ila akiwa Kariakoo karibu na mnara wa kampuni nyingine inakata. Akitoka mita mia tatu inarudi.

Siku hiyo ndipo nilijua filta inafanya kazi gani. Haikuzi chochote. Inawafungia nje wanaopiga kelele mlangoni. Nikamtafutia filta halisi, nikamwekea bila malipo.

#13 MwalimuWaMawimbi
Mzee wetu, somo hilo lina thamani kuliko kurasa kumi. Na kuna kubaya zaidi: anayepiga kelele zaidi ni simu yenyewe. Inarusha kama miliwati 200 huku ikisikiliza, kwa antena ileile, signali iliyo ndogo mara trilioni. Ndiyo maana kwenye GSM filta...

#14 Kapteni_Masafa
Nikukate hapo, Mwalimu. GSM haitumi na kupokea kwa wakati mmoja. Zamu zake zimepishana, simu inarusha, inanyamaza, ndipo inasikiliza. Wanaofanya yote mawili kwa pamoja ni 3G ya WCDMA na 4G ya bendi mbilimbili, moja ya kutuma na moja ya kupokea. Kwa hizo ndipo unahitaji dupleksa, filta mbili zilizounganishwa kwenye antena moja.

Mfano mkali ni bendi ya PCS ya Marekani. Simu inatuma kati ya megahezi 1850 na 1910, inapokea 1930 hadi 1990. Nafasi ya kupumua ni megahezi 20 tu, asilimia moja. Kwa kazi hiyo ndipo FBAR ya mhandisi Ruby na wenzake, iliyoanzia maabara za kampuni ya HP, ikapata soko mwanzoni mwa miaka ya 2000.

#15 MwalimuWaMawimbi
Sawa Kapteni, niliteleza. WCDMA na 4G.

#16 MtuWaEindhoven
Wadau, nitie neno kutoka Uholanzi. Mnazungumza kama silikoni imeshindwa kabisa, kumbe ilishinda vita moja mapema sana kwa kuikwepa.

Mwaka 1983 Philips walitoa TDA7000, redio ya FM ndani ya chipu moja. FM iko kwenye megahezi 88 hadi 108. Ukitaka koili na kapasita za kukaa megahezi 100, unahitaji mfano nanohenri 100 na pikofaradi 25, na koili ya nanohenri 100 ndani ya chipu ni uwanja wa mpira. Redio za kawaida zilishusha signali hadi megahezi 10.7 na kuichuja kwa filta ya kauri. Wao wakaishusha hadi kilohezi 70! Huko chini huhitaji koili. Rezista na vikuza-signali viko ndani, kapasita ndogo nje, filta imekamilika.

Tatizo likawa moja: FM inayumba kilohezi 75 kila upande, sasa utaiwekaje kwenye kilohezi 70? Wakafanya osileta, saketi inayozalisha wimbi la kushushia signali, ifuate myumbo wa sauti yenyewe, hadi myumbo ukabanwa kuwa kilohezi 15. Kila nikiisoma saketi ile nasisimka.

#17 FundiRedio_Kariakoo
Hiyo chipu naijua kwa mikono! Kabla yake redio ilikuwa na makopo ya koili yenye vichwa vya rangi, njano, nyeupe, nyeusi kwa AM ya kilohezi 455. Ukikabidhiwa redio ambayo mtoto wa mwenyewe amezungusha vile vichwa kwa bisibisi, siku yako imekwisha.

#18 BintiWaTanga
Mzee, mtoto huyo nilikuwa mimi. Baba hakuniacha.

#19 MamaKapasita
Habari zenu. Alichosema MtuWaEindhoven ndicho hasa kilichotokea: filta ya kuchagua chaneli iliingia ndani ya silikoni siku nyingi. Bluetooth yako inachuja chaneli ya megahezi 1 ndani ya chipu baada ya kuishusha. Iliyobaki nje ni ile ya kwanza, ya mlangoni.

Ila msidhani hata kule chini kazi ilikuwa rahisi. Nimefanya filta za rezista na kapasita kwa muda mrefu, na adui yangu hajawahi kuwa Q. Ni usahihi. Rezista ya kiwandani inaweza kupotoka asilimia 20, kapasita nayo asilimia 10 au 15. Zikipotoka upande mmoja, filta uliyoilenga megahezi 1 inatokea megahezi 0.75. Lakini kapasita mbili zilizokaa jirani kwenye chipu moja zinafanana hadi sehemu moja katika elfu. Silikoni haijui thamani, inajua uwiano. Watu wa Berkeley mwaka 1977 walilitumia hilo: wakaondoa rezista, wakaweka swichi na kapasita, na masafa ya filta yakawa uwiano wa kapasita mara saa ya fuwele, yaani mapigo ya umeme yenye mdundo thabiti. Wengine tunaweka safu ya kapasita na saketi ndogo inayojipima kila chipu inapowashwa, inaongeza na kupunguza hadi inafika.

Sasa hebu chukua tabia hiyo uipeleke mlangoni, kwenye nafasi ya asilimia moja ya PCS. Hata ukipewa bure koili ya Q 1,000, nani atakulengea kapasita hadi sehemu moja katika elfu?

#20 MhandisiMtwapa
Hapa mama umenifunga. Mimi na BintiWaTanga tunagombania mwizi wa Q, kumbe hata mali ikirudi haitoshi.

#21 Swahiba_wa_Muscat
Na joto je? Hapa Muscat Julai simu ikiachwa ndani ya gari haishikiki.

#22 Kapteni_Masafa
FBAR ya nitridi ya alumini inashuka sehemu 25 hadi 30 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Joto likipanda nyuzi 50, kwenye megahezi 1920 unahama karibu megahezi 3. Katika nafasi ya 20 ni nyingi, ila unaweza kuipangia. Kwa koili ya chipu, masafa hayahami sana, ila waya unaongeza ukinzani kama asilimia 0.4 kila nyuzi, kwa hiyo nyuzi 50 zinakula karibu asilimia 17 ya Q ambayo tayari ni ndogo.

#23 NjiaNne
Wakuu mbona hakuna aliyetaja filta za njia nyingi? Tatizo hili lilishatatuliwa Chuo Kikuu cha Twente mwaka 2011. Hakuna koili kabisa!

Kapasita nne, swichi nne. Zinapokezana kama wanawake wanne wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu. Wimbi likiwa na mdundo uleule wa saa, kila kapasita inakutana na sehemu ileile ya wimbi kila mara, kwa hiyo inajaa. Wimbi la mdundo mwingine linaiongeza leo na kuipunguza kesho, linajifuta. Ukibadilisha saa, filta inahama yenyewe. Walitoka megahezi 100 hadi gigahezi 1, upana megahezi 35 muda wote. Na masafa yanafuata saa, kwa hiyo hoja ya MamaKapasita inakufa.

#24 MtuWaEindhoven
Kazi hiyo ya Twente, ya akina Ghaffari, Klumperink na Nauta, ni nzuri sana, ila wazo si la 2011. Franks na Sandberg wa maabara za Bell, Marekani, walilichapisha mwaka 1960. Lililokosekana ni swichi, transista za wakati ule zilikuwa nzito mno kwa kazi hiyo.

Na piga hesabu: gigahezi 1 gawanya kwa megahezi 35 ni Q ya 29. Inaishinda koili, haiifikii FBAR.

#25 MamaKapasita
NjiaNne, hoja yangu ya katikati ya filta imekufa, nakubali kwa furaha. Lakini angalia kando. Swichi ina ukinzani. Ikiwa na omu 5 na antena ni omu 50, wimbi la adui halizimwi chini ya 5 kwa 55, yaani desibeli 21 tu. Dupleksa inatakiwa 50 na zaidi. Ukipanua swichi ukinzani unashuka, ila saa inabeba mzigo mkubwa na betri inalia. Tena mawimbi ya mara tatu na mara tano ya saa nayo yanapita kama wageni walioalikwa, na saa yenyewe inavuja kuelekea antena.

#26 NjiaNne
Unganisha mbili mfululizo basi, desibeli zinajumlishwa.

#27 MamaKapasita
Na kelele, na umeme wa saa, vinajumlishwa. Sisemi haiwezekani. Watu wanaifanya. Nasema haijafika mlangoni pa simu yenye 4G.

#28 Mwanafunzi_Juja
Na ile njia ya kuirudishia koili nishati kwa transista? Jozi ya transista zilizopishana inatoa ukinzani hasi, inalipa kile waya ulichokula. Nilipata Q ya 60 kwenye uigaji.

#29 MwalimuWaMawimbi
Utaipata hata 500, kijana. Kisha uiulize kelele, na uiulize itavumilia signali kubwa kiasi gani. Transista zinazolipa deni zinaleta kelele zao, na signali kubwa ikiingia zinachoka, Q inaanguka papo hapo wakati ambao ndio ulikuwa unaihitaji. Ukizidisha kidogo inageuka osileta na filta yako inaanza kurusha. Ipime kwa signali mbili kubwa za jirani kabla ya kushangilia.

#30 BintiWaTanga
Nadhani tumezunguka jambo lililo la msingi kuliko yote: urefu wa wimbi. Kwenye gigahezi 2 nusu ya wimbi la redio hewani ni sentimita 7.5. Geuza mtetemo uwe wa sauti ndani ya fuwele. Kwenye nitridi ya alumini sauti inakwenda kama mita 11,000 kwa sekunde, nusu ya wimbi ni mikroni 2.75. Utando mwembamba unakuwa kengele. Hakuna waya wa kupoteza joto, ndiyo maana Q inapita 1,000. Kinachoshindana na silikoni ni sauti. Na silikoni peke yake haina tabia ya kugeuza umeme kuwa mtetemo, inabidi uilazie kitu kingine juu.

#31 KoiliYaShaba
Kumbe FBAR nayo haitengenezwi kwa silikoni?

#32 Kapteni_Masafa
Inajengwa juu ya kisahani cha silikoni. SAW ndiyo inayotumia fuwele kama niobeti ya lithiamu na tantaleti ya lithiamu. FBAR ina silikoni, ila silikoni hapo ni kitanda tu, haina transista. Utando unaning'inia juu ya shimo la hewa, na unene wake hurekebishwa kwa nanomita ili masafa yakae.

#33 KoiliYaShaba
Sasa kama kitanda ni kilekile, walaze utando juu ya chipu yenye transista, mambo yaishe.

#34 MamaKapasita
Imejaribiwa maabara na inafanya kazi. Shida ni kiwanda. Chipu ya redio inapita hatua nyingi za gharama. Ukiongeza juu yake filta makumi, kila moja ikiwa na masafa yake na unene wake, filta moja ikikosea umetupa chipu nzima. Zikiwa kando, unatupa kidude kimoja. Wanaziweka pamoja ndani ya kifuko kimoja, si ndani ya silikoni moja.

#35 KoiliYaShaba
Kwa hiyo ni biashara! Nilisema kuanzia posti ya kwanza.

#36 MhandisiMtwapa
Ulisema wanaficha. Mama anasema wanahesabu. Ni vitu viwili, mkuu.

#37 Swahiba_wa_Muscat
Swali la pembeni: 5G ya masafa ya juu je? Huko wimbi ni fupi lenyewe.

#38 MtuWaEindhoven
Umegusa penyewe. Kwenye gigahezi 60 robo ya wimbi ndani ya tabaka la oksidi ni kama milimita 0.6. Hapo waya mnyoofu unakuwa filta, huhitaji koili wala kengele, na inaenea ndani ya chipu. Q bado ni ndogo, ila bendi za huko ni pana, zinavumilia.

#39 BintiWaTanga
Na silikoni inakula zaidi huko, nakukumbusha.

#40 MhandisiMtwapa
Dada hasahau 😂

#41 Mwanafunzi_Juja
Nimeamua. Wikiendi hii naiga filta ya njia nne kwa ngspice, programu ya kuigia saketi, nikitumia faili za wazi za taasisi ya IHP ya Ujerumani, zile za teknolojia ya chipu SG13G2. Ni za nanomita 130, nadhani swichi zitafika megahezi 900. NjiaNne, nianze na upana gani wa swichi?

#42 NjiaNne
Anza kwa kutafuta omu 5, upana utakuja wenyewe. Kapasita pikofaradi 66 kila njia, na antena ya omu 50, upana wa filta utakuwa megahezi 24 hivi. Hakikisha zamu hazigongani hata kidogo, swichi mbili zikipitisha umeme pamoja kapasita zinamwagiana chaji.

#43 MamaKapasita
Na uweke wimbi la mara tatu ya saa uone. Leta picha zote, hata zile mbaya.

#44 FundiRedio_Kariakoo
Mimi nina dupleksa tatu nzima nilizozitoa kwenye bodi zilizokufa. Kama kuna mwenye kifaa cha kupimia Dar, nampa azipime, tuweke michoro yake kando ya ile ya kijana.

#45 Kapteni_Masafa
Mzee, nina kifaa cha mkononi kinachofika gigahezi 3. Jumamosi niko Kariakoo, nitakupigia nikifika Msimbazi.